Bega Linapogoma: Tafuta Chanzo Kabla ya Kufikiria Kisu

Vua shati, kisha mwite mtu wa nyumbani akutazame. Inua mkono wenye bega linalouma, taratibu, kupitia pembeni mpaka uelekee juu ya kichwa. Kumbuka ulipoishia. Sasa legeza mkono kabisa, uwe kama nguo iliyoanikwa, na yule wa nyumbani akushike kiwiko auinue yeye, polepole, wewe usimsaidie hata kidogo.

Majibu ni matatu. Unaufikisha juu mwenyewe, ila kuna mahali panachoma. Au huwezi mwenyewe, lakini mwenzako anaufikisha. Au wote wawili mnakwama palepale, kana kwamba kiungo kimetiwa kufuli. Hayo ni matatizo matatu tofauti na kila moja lina njia yake. Nimeona watu wakitibiwa mwaka mzima tatizo moja huku wanalo jingine, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wavue shati.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nilianza kazi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili ndicho kilichonikutanisha na wagonjwa wa sokoni, wa kambi za jeshi na waliovuka kutoka Kongo. Sasa niko Kampala. Wengi wanaonijia na bega wameshakata tamaa, wanauliza upasuaji ni shilingi ngapi. Wengi wao hawauhitaji. Lakini wanaweza kuufikia kwa njia mbili: kulibebesha bega mzigo uleule uliolichosha, au kuliacha limelala miezi mpaka likasahau kazi. Hii njia ya pili ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana mtu anadhani anajitunza.

Maumivu yasiyosubiri jaribio

Kuna maumivu ya bega ambayo hayatoki begani. Bega au mkono wa kushoto unaouma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukatika: huo ni moyo mpaka daktari aseme sivyo. Mwanamke aliyekosa hedhi, tumbo likamuuma, akashikwa na kizunguzungu, na ncha ya bega ikamchoma ghafla bila kuguswa, huenda mimba imetunga nje ya kizazi na damu inavujia tumboni. Damu hiyo huchokoza kiwambo cha kupumulia, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Bega lililovimba, likawa la moto, na homa juu yake, laweza kuwa na usaha ndani ya kiungo, na usaha huharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu. Mgonjwa wa sikoseli mwenye dalili hizo asilazwe nyumbani kungoja kesho. Na kama bega limeuma miezi huku mwili unakonda na usiku unalowa jasho, omba upimwe kifua kikuu. Ugonjwa huo haukai kifuani peke yake.

"Naufikisha juu, lakini katikati panachoma"

Hili ndilo ninaloliona kila wiki. Mkono ukiwa chini hakuna neno. Ukifika karibu na usawa wa bega unachoma, ukipita hapo unatulia, na wakati wa kuushusha unachoma tena mahali palepale. Usiku, ukilalia upande huo, unaamka.

Ili kuelewa, fikiria kwanza nyonga: imekaa ndani ya shimo lake kama mchi ndani ya kinu. Bega halina kinu. Ni yai juu ya kijiko. Ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka kote, kukuna mgongo, kurusha wavu, kusuka nywele. Na ndiyo maana bega linategemea misuli minne midogo ambayo kano zake, yaani kamba zinazoufunga msuli kwenye mfupa, zinalizingira yai hilo na kulishikilia katikati ya kijiko. Kano inayopita juu, chini ya paa la mfupa wa bega, ndiyo inayolalamika kabla ya wenzake.

Kano hailalamiki kwa sababu ya kazi. Hulalamika kwa sababu ya kazi iliyoongezeka kuliko ilivyozoea. Fundi rangi ambaye wiki nzima alipaka kuta, leo anapewa dari tatu. Mwalimu anarudi ubaoni baada ya likizo ndefu. Mkulima ambaye hakugusa jembe wakati wa kiangazi, mvua ya kwanza ikinyesha analima tangu alfajiri hadi adhuhuri siku nne mfululizo. Msusi anapata bibi harusi na wasimamizi wake sita. Jiulize: wiki mbili au tatu kabla ya maumivu kuanza, nilifanya nini kipya, au nini cha zamani kwa wingi mpya? Mara nyingi jibu liko hapo, na mgonjwa analitoa mwenyewe akiulizwa kwa utulivu.

Zamani tuliamini kwamba mfupa wa paa unaikwangua kano, kwa hiyo dawa ni kuuchonga mfupa. Upasuaji huo ulifanywa kwa watu wengi sana Ulaya na Marekani. Kisha madaktari wa Uingereza wakaupima kwa haki: wagonjwa 313 waligawanywa makundi matatu. Wa kwanza walichongwa mfupa, wa pili waliingiziwa kamera begani bila kuchongwa chochote, wa tatu hawakufanyiwa upasuaji. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018: waliochongwa na waliodhani wamechongwa walipona sawasawa, na wote hao walilizidi kundi la tatu kwa kiasi kidogo mno kisichobadilisha maisha ya mtu. Mwaka 2019 jopo lililoitishwa na jarida la BMJ likashauri upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya namna hii. Ukiambiwa leo kwamba mfupa wako "unakwangua" na lazima uchongwe, una haki ya kuomba maoni ya daktari wa pili.

Kinachosaidia ni kuifundisha kano upya. Nenda kwa fundi baiskeli umwombe kipande cha mpira wa ndani uliokwisha kazi, ukate ukanda mrefu kama mkono wako. Hicho ndicho kifaa nilichotumia Arua, na mpaka leo sijaona sababu ya kumwambia mtu anunue kingine.

Wiki mbili za mwanzo, kama maumivu ni makali, usivute. Simama kando ya mwimo wa mlango, kiwiko kimebana ubavu na kimekunjwa, sukuma mwimo kwa mgongo wa mkono kuelekea nje, kwa nusu ya nguvu zako, bila mkono kusogea. Hesabu hadi 30. Pumzika, rudia mara tano. Fanya hivyo kila siku. Yakipungua, funga ule mpira kwenye kitasa au nguzo, kiwiko kikibaki ubavuni (bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, itakuzuia usidanganye), uvute kuelekea nje, kisha urudi polepole. Mara 10, raundi tatu, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ongeza kuvuta mpira kuelekea tumboni kama anayepiga kasia, na kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayolikalisha yai kwenye kijiko, nayo kwa wengi wetu imelala.

Je, maumivu wakati wa zoezi ni hatari? Yape alama kutoka 0 hadi 10. Yakifika 3 au 4 na kesho asubuhi bega likawa kama jana, endelea. Yakipita hapo, au ukaamka bega limekasirika kuliko jana, punguza, usiache. Jipe wiki 12. Wengi hukata tamaa wiki ya nne, kwa sababu dukani wamezoea dawa inayofanya kazi kwa nusu saa. Kano haina damu nyingi kama msuli, hujengeka polepole.

Wakati huohuo rekebisha kazi, badala ya kuiacha. Anayekanda chapati ashushe meza mpaka iwe chini kidogo ya kiwiko. Ukikanda juu ya meza ndefu, mabega yanapanda hadi masikioni siku nzima. Msusi amkalishe mteja kwenye kigoda au mkekani, yeye akae juu. Fundi rangi afunge brashi ya kubingirisha kwenye mti mrefu. Dumu la lita 20 ni kilo 20 na zaidi. Mawili ya lita 10, moja kila mkono, yakiwa karibu na mapaja, hayaliumizi bega kama lile moja linalokuvuta upande. Na usiku lalia upande mzima huku umeukumbatia mto, au lala chali, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya kiwiko ili mkono usidondokee nyuma.

"Siwezi mwenyewe, mwenzangu anaufikisha"

Hapa swali la kwanza ni moja: ulianguka?

Kama ulianguka kutoka kwenye boda, au ulidaka kitu kizito ghafla, na tangu dakika ile mkono haupandi, hapo sitaki usome makala hii hadi mwisho. Nenda hospitali ya wilaya au ya rufaa wiki hiyohiyo, upigwe eksirei kuona kama kuna mfupa uliovunjika, kisha ultrasaundi ya kano. Kano iliyokatika kwa ajali kwa mtu mwenye nguvu zake hushonwa vizuri katika majuma ya mwanzo. Ikiachwa miezi, ncha yake hujikunja kurudi nyuma na msuli hugeuka mafuta. Huyu ni mmoja wa wachache ambao upasuaji ndio tiba, na kuchelewa ndiko kunakomponza.

Kama hukuanguka, mambo yanageuka. Nilipokuwa Arua alinijia mama muuza samaki, miaka yake inakaribia 60, mkononi bahasha ya picha ya MRI aliyoisafiria Kampala. Karatasi ilisema kano imechanika kabisa. Alikuwa ameshauza mbuzi wawili na anatafuta mnunuzi wa kipande cha shamba.

Nikamwomba avue koti. "Mama, inua." Akaufikisha mkono kwenye kidevu, halafu akausukuma kwa ule mwingine. Nguvu kidogo zilikuwepo. Nikamweleza kwamba kano za bega huchakaa kama visigino vya viatu, na kwamba watu wengi wa umri wake, wakipigwa picha, hukutwa na mchaniko ambao hauwaumi wala hawaujui. Picha inaonyesha kilichopo. Haisemi kwamba hicho ndicho kinachouma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watu wenye kano zilizochanika kabisa bila ajali. Walifundishwa mazoezi, na baada ya miaka miwili ni chini ya robo tu walioamua kupasuliwa.

Hakuniamini siku ile, na sikumlaumu, maana karatasi ile ilikuwa na muhuri. Lakini alikubali kusubiri miezi mitatu kabla ya kuuza shamba. Tulianza amelala chali, akiinua mkono hewani bila uzito wowote, kwa sababu ukilala, mkono ni mwepesi kuliko ukiwa umesimama. Kisha ameegemea mto. Kisha amekaa. Kisha na chupa ya maji ya nusu lita. Mwezi wa nne wa mazoezi alinionyesha anavyolitoa beseni la samaki kichwani kwa mikono miwili. Shamba lake bado lipo.

Mkono usiopanda kabisa bila ajali, na hauumi, huenda ni mshipa wa fahamu. Huyo naye aonwe na daktari mapema.

"Hata mwenzangu anakwama"

Banisha viwiko vyote viwili ubavuni, vimekunjwa, kama umeshika sinia. Fungua mikono kwenda nje. Upande mmoja ukifunguka kama mlango na mwingine ukibaki pale pale, hata ukisukumwa, basi ni bega lililoganda. Mfuko unaofunika kiungo umekakamaa na kusinyaa. Wanawake hulalamika kwanza kwamba hawawezi kufunga sidiria nyuma. Wanaume, kwamba hawafikii mfuko wa nyuma wa suruali.

Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari hulipata mara kadhaa zaidi ya wengine. Ndiyo maana ninaomba kipimo cha sukari kwa kila bega lililoganda, hata mtu akisema hajawahi kuugua. Zaidi ya mmoja aligundua kisukari chake kupitia bega.

Linapita hatua tatu: miezi ya maumivu makali linapoanza kuganda, miezi ya ugumu maumivu yakipungua, kisha linayeyuka taratibu. Safari yote ni mwaka mmoja hadi mitatu. Kosa kubwa ni kulilazimisha katika hatua ya kwanza. Nimeona vijana wenye nia njema wakimvuta baba yao mkono "ufunguke" huku mzee analia. Bega likalipiza kwa kukaza zaidi. Hatua ya kwanza inataka kitambaa cha maji ya moto, kuinama huku mkono unaning'inia na kuuchezesha kama kengele, na kama usingizi umepotea, sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) ndani ya kiungo, inayosaidia zaidi ikichomwa mapema. Mwenye kisukari apime sukari kila siku baada yake, maana itapanda kwa siku kadhaa. Hatua ya pili ndiyo ya kunyoosha kwa bidii: kupandisha vidole ukutani kama buibui, kusukuma mkono nje kwa fimbo, mara tatu kwa siku.

Uingereza walilinganisha watu 503 wa bega lililoganda: fiziotherapia pamoja na sindano ya steroidi, kunyooshwa chini ya nusukaputi, na kukatwa mfuko kwa upasuaji. Matokeo ya mwaka 2020 hayakuonyesha njia iliyozishinda nyingine kwa tofauti yenye maana kwa mgonjwa. Hapa Uganda, ambako nusukaputi ni gharama na safari, mimi naanza na iliyo nyepesi.

Ila eksirei ipigwe mara moja kabla ya kuliita bega "limeganda". Mambo mawili hujificha nyuma ya jina hilo. La kwanza ni bega lililoteguka kwenda nyuma, ambalo hutokea baada ya kifafa au kurushwa na umeme, na kwa macho halionekani. La pili ni mfupa uliokufa kichwa kwa kukosa damu, jambo linalowapata wagonjwa wa sikoseli wakiwa bado vijana. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta takriban watoto 13 kati ya 100 nchini wamebeba chembe za urithi za sikoseli, kwa hiyo ugonjwa wenyewe hauko mbali na nyumba zetu.

"Linateguka na kurudi"

Likiteguka mara ya kwanza, usikubali livutwe barabarani wala kwa mganga wa mifupa kabla ya eksirei. Anaweza kulirudisha, ndiyo. Anaweza pia kuvuta mfupa uliovunjika na kukata mshipa. Ning'iniza mkono kwa kitenge shingoni, uende. Pale hospitali mwambie daktari kama ngozi ya upande wa nje wa bega ina ganzi.

Kijana wa chini ya miaka 20 likishamteguka mara moja, kuna uwezekano mkubwa litateguka tena, hasa akirudi kwenye raga au mieleka. Akishateguka mara kwa mara, mazoezi peke yake mara nyingi hayatoshi, na kuonana na daktari wa mifupa mapema, hospitali ya Mulago jijini Kampala, ile ya CoRSU kule Kisubi au hospitali ya rufaa ya mkoa wake, kunamwokoa gegedu. Mtu wa miaka zaidi ya 40 hatari yake ni nyingine: bega likirudi mahali pake na bado mkono haupandi, huenda kano imechanika.

Mengine kwa ufupi

Maumivu yakivuka kiwiko hadi vidoleni, na ganzi au kuchomachoma, chunguza shingo. Ukiweka kiganja juu ya kichwa ukapata nafuu, dalili hiyo inaelekea shingoni zaidi.

Panauma juu kabisa, pale mtulinga unapokutana na bega, hasa ukivusha mkono kushika bega la pili: ni kiungo kidogo cha juu, mara nyingi baada ya kuanguka na boda. Wengi hupona bila kisu.

Maumivu makali ya ghafla, bila ajali wala homa, eksirei ikaonyesha chokaa ndani ya kano: yanatisha, lakini mwili wenyewe mara nyingi huila chokaa hiyo.

Bega linalolia "kwa, kwa" bila maumivu liache lilie.

Kuhusu dawa za dukani

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza, lakini hazijengi kano. Zikimezwa wiki baada ya wiki hutoboa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuchosha figo. Siku tano hadi saba pamoja na chakula, basi. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mimba aulize kwanza. Steroidi ya bega lenye kano inayouma nayo isizidi sindano tatu kwa mwaka, na mimi nikipewa nafasi ya kuamua nasimamia moja, ikifuatwa na mazoezi wiki ile maumivu yamelala.

Simama ubavu ukiuelekea ukuta, pandisha vidole mpaka vinapoishia, mtu apige alama ya chaki na kuandika tarehe. Rudia kila Jumapili kwenye ukuta uleule. Alama ikipanda, hata kwa upana wa kidole, endelea na unachofanya. Ikikaa palepale wiki sita, au ikishuka, njoo na tarehe zako zote kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya rufaa iliyo karibu, na uvae shati linalovuliwa kwa urahisi.